Daftari la Vipimo, Kurasa za Nyuma

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Malindi, upande wa mji wa kale, si mbali na ufuo ambapo wavuvi hutengeneza nyavu zao. Daftari langu la vipimo lina milango miwili. Ukilifungua kwa mbele utakuta wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na alama ya nyota kwa wale ambao hawajamaliza kulipa. Ukilipindua ukalifungua kwa nyuma utamkuta mtu mmoja tu, naye ni mimi. "Chafya kumi na moja kabla ya saa mbili. Umande. Macho yanawasha. Pampu mara mbili. Usiku kimya."

Shoga yangu mmoja aliuona ukurasa huo akanitazama kwa huruma. "Wewe badala ya kumuomba Mungu akuponye, unaandika chafya?" Nikamwambia ninaomba, na ninaandika vilevile.

Nina pumu tangu utotoni. Kwetu haikuitwa pumu, iliitwa kifua. "Huyu mtoto ana kifua," bibi alikuwa akiwaambia wageni, kana kwamba watoto wengine walizaliwa bila. Pamoja na kifua nilikuwa na mafua yasiyoisha: pua inachuruzika kama bomba lililokatika koki, macho mekundu, na ule mwasho wa kooni karibu na sikio, mahali ambapo kidole hakifiki. Watu wa mji huwa na jibu moja kati ya mawili: ni upepo, au ni vumbi. Yote mawili yana ukweli. Ila hakuna anayeuliza upepo upi, na vumbi la nini.

Mimi nilianza kuuliza kwa sababu ya suruali.

Jirani yangu mmoja ni mzee wa Kitaliano mwenye nyumba hapa. Hakai mwaka mzima. Huwasili mwanzo wa mwezi wa nane, kusi ikiwa bado inavuma, akaondoka mwezi wa kumi, wakati Wataliano wenzake ndio kwanza wanakata tiketi za kuja Krismasi. Nilimhesabu kuwa mtu wa kinyume tu. Siku hiyo alileta suruali ipunguzwe miguu, akakaa kwenye benchi langu, akatoa simu, akaanza kusoma kwa sauti kama anayesoma matokeo ya mpira. Nilidhani ni mpira. Kumbe alikuwa anasoma hali ya chavua ya mjini kwao: nyasi, chini; parietaria, gugu la huko, wastani; ambrosia, juu sana. "Juu sana," alirudia, akanyoosha miguu ili upepo wa bahari umpige. "Na mimi niko hapa, mama."

Chavua, kwa aliyesahau somo la sayansi, ni ule unga wa kiume wa maua. Ya mahindi wakulima huiita mbelewele. Ambrosia ni gugu la asili ya Amerika Kaskazini ambalo limesambaa Ulaya, hasa kwenye tambarare za kaskazini mwa Italia karibu na Milano. Huchanua mwezi wa nane na wa tisa, na mche mmoja unaweza kumwaga hadi chembe bilioni moja kwa msimu. Jirani yangu akikaa kwao miezi hiyo macho humvimba na kifua humbana. Kwa hiyo husoma taarifa, hukata tiketi, hulikimbia gugu. Malindi ndiyo dawa yake. Na mimi niliyezaliwa ndani ya dawa hiyo nilikuwa nimekaa mbele yake na leso puani.

"Nani anahesabu?" nilimuuliza.

"Kuna mashine juu ya paa," alisema, akarudi kwenye suruali yake. Hakujua zaidi, wala hakuwa na haja. Yaliyobaki niliyasoma mwenyewe usiku, kwenye simu, shuka juu ya kichwa.

Mtego wa chavua unaotumika sana duniani ulibuniwa na Mwingereza, J. M. Hirst, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Aliueleza mwaka 1952, na alichokuwa akikitafuta ni mbegu za kuvu zinazoiletea mimea magonjwa. Habari ya pua za watu ilikuja baadaye. Mtego hunyonya hewa lita 10 kwa dakika kupitia tundu jembamba, kiasi kisichopishana sana na anachovuta mtu aliyekaa ametulia. Ndani mna ngoma iliyozungushiwa utepe uliopakwa mafuta ya kunata, nayo huzunguka polepole kwa nguvu ya saa: milimita 2 kwa saa moja, mzunguko mmoja kwa siku saba. Hapo niliamka nikakaa. Milimita 2 kwa saa ni milimita 48 kwa siku, na kwa wiki ni 336, karibu mabega ya kijana wa shule ya msingi. Miaka ishirini nimeishi na utepe shingoni na sikuwahi kuwaza kwamba kuna mwenzangu mahali anayepima hewa kwa utepe.

Wiki ikiisha utepe hukatwa vipande saba, kila siku kipande chake, ukawekwa chini ya hadubini. Mtu aliyefunzwa hukaa akazitambua chembe moja moja kwa umbo. Ya nyasi ni mviringo wenye tundu moja. Ya msonobari ina vifuko viwili ubavuni kama mabawa. Hesabu hiyo hugeuzwa kuwa chembe kwa mita moja ya ujazo ya hewa, na namba ndiyo hugeuzwa kuwa maneno ya kwenye simu. Uingereza, kwa chavua ya nyasi, chini ya 30 huitwa chini, 30 hadi 49 wastani, kuanzia 50 juu, na 150 kwenda mbele juu sana. Chembe hamsini! Ndani ya sanduku lenye mita moja kila upande, kubwa kama meza yangu ya kukatia vitambaa, chembe hamsini ambazo jicho halizioni, na watu wazima wanalia machozi.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba waliotangulia katika kazi hii walikuwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 1819 daktari mmoja wa Uingereza, John Bostock, aliwaeleza madaktari wenzake London maradhi ya macho na kifua yanayomrudia mgonjwa mmoja kila kiangazi. Mgonjwa huyo alikuwa yeye. Nusu karne baadaye Charles Blackley wa Manchester, naye akiwa na maradhi hayohayo, alipaka vioo vitu vya kunata, akavitandaza nje, akahesabu chavua zilizonasa na kulinganisha na hali yake. Alifika mpaka kurusha tiara zenye vioo ili ajue chavua iko juu kiasi gani, akachapisha majaribio yake mwaka 1873. Mtu mzima na ndevu zake, anarusha tiara kwa ajili ya chafya. Shoga yangu angesemaje?

Huku kwetu tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Chavua haina wingu, na hiyo ndiyo sababu ya kuihesabu. Mwenye mzio wa nyasi akijua msimu uko karibu huanza dawa ya kupuliza puani wiki mbili kabla, maana dawa hizo huchukua siku kadhaa kushika. Siku iliyotangazwa kuwa juu haaniki shuka nje, hufunga madirisha saa za asubuhi, huvaa miwani, huoga na kubadili nguo akirudi. Hakuna la ajabu hapo. Ajabu ni kufanya kabla badala ya baada.

Na kuna mahali ambapo kujua kabla ni suala la uhai. Tarehe 21 Novemba 2016 jioni, dhoruba ya radi ilipita juu ya Melbourne, Australia, siku ambayo hewa ilikuwa imejaa chavua ya nyasi aina ya raigrasi. Kwa kawaida chembe ya nyasi ni kubwa mno kufika ndani ya mapafu, huishia puani. Lakini chembe ikinyonya unyevu wa dhoruba hupasuka, na vipande vyake ni vidogo kiasi cha kuteremka hadi kwenye vijia vyembamba vya pumzi. Pepo za dhoruba zikaviteremsha vipande hivyo usawa wa watu, mji mzima. Maelfu walikimbilia hospitali kwa saa chache, wengi wao hawakuwahi kuambiwa wana pumu, walikuwa na "mafua ya nyasi" tu. Watu kumi walikufa. Mwaka uliofuata jimbo la Victoria lilianzisha utabiri maalum wa hali hiyo, siku tatu mbele, kila msimu wa nyasi kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Nilipomaliza kusoma hayo nilikwenda kuangalia pampu yangu imebaki na dawa kiasi gani.

Baada ya hapo, kama mtu yeyote angefanya, nilitaka taarifa ya Malindi. Redio yangu hunipa mvua, upepo, mawimbi, chavua haitajwi. Simu ilinipa neno: "Nyasi: chini." Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga chafya mpaka sindano ikanichoma kidole, nikaiangalia simu kama mteja anayekuambia nguo haimbani huku vifungo vinaruka. Baadaye nilielewa. Programu za namna hiyo huchanganya picha za setilaiti, ramani za mimea na utabiri wa hali ya hewa, zikakadiria. Ulaya makadirio kama hayo, mfano ya huduma ya Copernicus inayotabiri chavua siku nne mbele, yanaweza kusahihishwa kwa vituo vinavyohesabu kweli. Afrika Kusini pia kuna watu wanaokaa kwenye hadubini: Chuo Kikuu cha Cape Town kupitia taasisi yake ya mapafu hutoa taarifa za miji mbalimbali kwa rangi, kuanzia kijani hadi nyekundu. Pasipo utepe juu ya paa, neno "chini" kwenye simu ni maoni ya mtu aliye mbali.

Hili lina kichekesho chake kwa sisi wa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, Wataliano na Wamarekani walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, wakaiita Uhuru, ikaenda kuchunguza miale ya nyota za mbali. Kutoka bahari yetu tumepima nyota. Hewa ya mtaa wa Shela bado.

Lakini si kweli kwamba hatukuwa na chochote. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na mwaka wake hakuuhesabu kwa Januari na Februari. Aliuhesabu kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, na kila mwongo ulikuwa na habari zake: kusi itakaza, maleleji yataingia, kaskazi itaanza kunusa. Bibi hakusafiri, lakini alikuwa na taarifa yake. Mvua ya mwaka ikikatika na nyasi zikaanza kutoa masuke, alinikataza kupita njia ya shambani asubuhi. "Pita ufuoni," alisema, "huko kumechafuka." Nilidhani anaogopa nyoka. Sasa ninapofikiri, mwanamke huyo alikuwa kituo cha chavua. Alikosa utepe tu.

Ndipo nikaanza kurasa za nyuma. Sikuanza kwa ustadi wowote. Tarehe, upepo, mvua, nini kinachanua, chafya, macho, pampu, usiku. Nikaongeza kile kibomba cha plastiki unachokipuliza kwa nguvu kikakupa namba ya pumzi, asubuhi na jioni. Siku mbaya nilitia alama kwa penseli nyekundu ile ninayoandikia kitambaa. Kwa miezi mitatu ya kwanza haikuwa na maana yoyote, doa huku, doa kule, nikakaribia kuacha. Alasiri moja ya Ramadhani, kazi za Idi zikiwa hazijanifikia shingoni, nilikaa na daftari nikachora safu kama ninavyopanga vipimo vya sare za shule. Vitu vikaanza kujipanga.

Kwanza, Ijumaa. Ijumaa nyingi zilikuwa nyekundu. Nikacheka peke yangu: kuna chavua gani inayojua siku? Ni udi. Kila Ijumaa nafukiza nyumba, nguo, nywele, na moshi haujali kama umetoka kwenye udi wa bei au kwenye mafuta ya taa, ukifika kwenye kifua chenye pumu unakichokoza. Huo si mzio, ni uchokozi tu, lakini ulikuwa umeniharibia hesabu. Sasa chetezo kinafukiza chumba nikiwa nje, narudi harufu imebaki na moshi umekwenda. Mama mkwe hajapenda. Tuyaache hayo.

La pili lilinifunza jambo kuhusu mji wangu mwenyewe. Asubuhi nyingi mbaya ziliangukia wiki zinazofuata mvua, nyasi zikiwa na masuke, na katika wiki hizo zilikuwa asubuhi zilizoandikwa "umande". Asiye wa pwani huenda akadhani ni umande wa majanini. Huu ni upepo, unatoka bara alfajiri kuelekea baharini, ndio unaowatoa wavuvi wa tanga. Umande unapopita Malindi umetoka upande wa Ganda na mashamba, umebeba ilichobeba nchi kavu. Jua likipanda na bara ikapata moto, upepo hugeuka, hewa ya baharini ikaingia, na pua yangu ikafunguka kama duka. Bahari haina nyasi. Ndio maana mzee wa Kitaliano hupona huku: kusi humletea hewa iliyopita juu ya maji mamia ya kilomita. Na ndio maana bibi alisema pita ufuoni.

Hapa niseme kosa ambalo wengi wetu tunalo. Tunayashuku maua mazuri. Jirani mmoja aling'oa bogenvilia nzima ukutani kwa ajili ya mtoto wake mwenye pumu, na mwingine amempiga mkewe marufuku kuvaa kikuba cha asumini. Maua yenye rangi na harufu yanawaita nyuki na vipepeo. Chavua yake ni nzito, inanata, haisafiri mbali. Harufu kali inaweza kumkera mtu, ndiyo, lakini wanaosafiri na upepo ni wale wasio na sura: nyasi, ukoka, magugu, mvinje, hata mkoko. Hawana haja ya kupendeza kwa kuwa upepo hauna macho. Mvinje nautaja kwa makusudi. Mashamba mengi huku siku hizi yamepandwa mvinje kwa ajili ya nguzo za kujengea, ni fedha nzuri, silaumu mtu, nami nyumba yangu imesimama juu ya nguzo hizo. Ila chavua yake imetajwa katika nchi kadhaa miongoni mwa zinazoleta mzio. Japani baada ya vita walipanda misugi kwa wingi milimani ili wapate mbao, miti ikakomaa, na leo kila majira ya machipuko utabiri wa chavua ya misugi hutangazwa sambamba na wa mvua. Ugonjwa wenyewe ulielezwa na madaktari wao mara ya kwanza miaka ya sitini. Mti unapandwa siku moja na chafya inakuja baada ya miaka ishirini, na pasipo mtu anayehesabu katikati hakuna atakayeunganisha.

Wanaohesabu wana bahati ya kuona hata mazuri. Mwaka 2013 mbawakawa mdogo kutoka Amerika, Ophraella communa, alionekana kaskazini mwa Italia. Aliingia pasipo kualikwa. Chakula chake ni ambrosia. Kwa kuwa vituo vya huko vilikuwa na hesabu za miaka mingi, viliona namba ya ambrosia karibu na Milano ikiporomoka baada ya mdudu huyo kufika. Nilimwambia mzee wangu, "Basi huna sababu tena ya kuja mwezi wa nane." Akasema kwao bado ipo ya kutosha, na isitoshe ana sababu ya changu wa kupaka.

La tatu ndilo lililoniuma.

Alama nyekundu za usiku hazikufuata upepo. Zilijaa katikati ya mvua kubwa za mwezi wa tano, wakati hewa imeoshwa, madirisha yamefungwa, umande hauvumi. Saa tisa usiku kifua kinapiga filimbi, naamka natafuta pampu gizani. Kama ni chavua, ilipitaje? Nikapekua tena. Usiku nne niliolala Mombasa kwa dada kwenye arusi: kimya. Usiku wa kwanza niliporudi: nyekundu. Nilikuwa nikiilaumu nyasi kwa kosa la mwingine, na bila zile safu ningeendelea kuilaumu mpaka kufa.

Nafikiri hii ndiyo faida ya taarifa za chavua isiyosemwa. Watu wanaiona kama king'ora, cha kuwatisha siku ambayo iko juu. Mimi imenisaidia zaidi siku ambayo iko chini na bado naumwa, kwa kuwa siku hiyo inanilazimisha kumtafuta mshukiwa mwingine ndani ya nyumba.

Nilibeba daftari nikaenda kwa daktari wa mzio Mombasa. Hapo nyuma niliwahi kwenda kwenye zahanati moja, nikaambiwa nisizoee pampu kwa kuwa ukizoea huachi, nikapewa vidonge vya manjano vilivyonilaza juu ya cherehani siku mbili. Huyu alilisoma daftari lote, kurasa za nyuma, na alipofika mwisho akaendelea bila kujua kwenye vipimo vya wateja mpaka nikamzuia. Alinisimamisha dawa za mzio siku kadhaa, nikarudi, akanitilia matone kwenye mkono wa ndani, safu mbili, kila tone akalichoma kidogo kwa ncha. Dakika kumi na tano tukangoja. Vikavimba vilivyovimba, akatoa rula ndogo akapima. Uvimbe wa milimita 3 kwenda juu ndio unaohesabika. Nilipenda kupimwa, kwa mara moja mtu mwingine ameshika rula.

Nyasi ya timothi, ile ya Ulaya: karibu hakuna. Ukoka: umevimba vizuri. Akanieleza kwamba ukoka ni wa ukoo mwingine wa nyasi, nyasi za nchi za joto, na mwili unaougua kwa ukoka si lazima uitambue timothi. Mtu akipimwa kwa chupa zilizopangwa kwa ajili ya nyasi za huko baridi pekee, anaweza kuambiwa hana mzio wa nyasi kabisa. Nilikumbuka ile "chini" ya kwenye simu.

Tone la mwisho lilikuwa limevimba kuliko yote, limekaa kama kitufe cha shati. Utitiri wa vumbi.

Ni wadudu wasioonekana kwa macho, wanakaa kwenye godoro, mito, mazulia. Wanakula ngozi tunayoipukutisha na maji wanayapata kutoka unyevu wa hewa, na pwani unyevu ni wa bure. Kinacholeta mzio zaidi ni kinyesi chao. Daktari akaniuliza nalalia nini. Nikamwambia mto wa sufi.

"Wa miaka mingapi?"

Sikumjibu mara moja. Mto ule bibi aliushona mwenyewe, kwa sufi ya msufi uliokuwa uani kwetu, foronya akaitarizi maua ya asumini kwa uzi wa kijani. Alifariki akiwa ameulalia. Mimi nimeulalia tangu hapo.

Alinipa maagizo yake. Pampu ya kahawia, ile ya kutuliza uvimbe ndani ya mapafu, kila siku hata nikiwa mzima; ya bluu hufungua kifua kwa muda tu, na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kukubali mtu mzima atibiwe kwa hiyo peke yake. Hazizoeshi, alisema, kinachozoesha ni kuona nafuu ukaziacha. Dawa ya pua nianze mvua inapokaribia kukatika, nisingoje masuke. Kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Nikamwambia maji puani napandisha kila ninapotawadha, akacheka, akasema niongeze tu chumvi kwa hii ya hospitali. Shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Na mito ivishwe mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, chenye vitundu visivyozidi maikromita 10.

Nilinunua mfuko mmoja wa kiwandani, nikaufumua nione ulivyoshonwa. Mshono umepigwa mara mbili, zipu imefunikwa ulimi, hakuna tundu la sindano lililoachwa wazi. Sasa nashona foronya za juu yake, na wateja watatu wenye watoto wa pumu wana daftari zao. Asubuhi tunatumiana kwa WhatsApp mstari mmoja mmoja, upepo na chafya. Mmoja yuko Ganda. Umande ukinifikia mimi, yeye keshauandika.

Mto wa bibi haukuweza kuokolewa. Sufi haifuliki ikabaki sufi. Foronya niliichemsha nikaipiga pasi, ipo kwenye mto mpya. Kilichobaki nilimpa kijana wangu mwezi wa pili, nyasi zikiwa zimekauka, akaupeleka ufuoni alfajiri, kitambaa amejifunga usoni. Alipoupasua, umande uliichukua sufi yote nyeupe ukaipeleka majini, ikapita katikati ya mashua zilizokuwa zinatoka, mvuvi mmoja akapunga mkono akidhani tunamuaga.

Jioni niliandika: "Umande. Chafya mbili. Nilisimama joshini. Usiku kimya."